Vidonda vya Silikoni

Mwaka 1942, mjini Chicago, mwanafizikia mzaliwa wa Hungaria Eugene Wigner alianza kuitilia shaka grafiti. Wenzake katika mradi wa siri wa bomu la atomiki walikuwa wakibuni vinu vya kuzalisha plutoniamu, na kiini cha vinu hivyo kilikuwa matofali ya grafiti yaliyopangwa safu juu ya safu ili kupunguza kasi ya nyutroni. Wigner akauliza swali ambalo watu wenye haraka hawapendi kuulizwa: nyutroni zikiigonga grafiti mchana na usiku, atomi zake zitatulia mahali pake? Hesabu zilimjibu kwamba hazitatulia. Nyutroni yenye nguvu ingeing'oa atomi ya kaboni kwenye safu yake na kuitupa pasipo na nafasi yake, nayo ikiwa njiani ingeng'oa nyingine. Vinu vya Hanford, jimbo la Washington, vilipowashwa kuanzia mwaka 1944, grafiti ilivimba kweli, na wahandisi wakauita ugonjwa wa Wigner. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, kwa hiyo miongoni mwa mikono ya kwanza katika historia hii imo ya wachimbaji wa Kongo, ambao vitabu vya fizikia havina habari nao.

Kwa wajenzi wa vinu huo ulikuwa usumbufu wa kazi. Waliougeuza kuwa somo walikuwa watu wengine.

Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Karl Lark-Horovitz, mzaliwa wa Vienna, alitumia miaka ya vita kusafisha jemaniamu kwa ajili ya rada. Jemaniamu na silikoni ni nusukipitishi: hupitisha umeme kwa kiasi, na kiasi hicho hutegemea zaidi uchafu uliomo kuliko fuwele yenyewe. Ukitia fosforasi kidogo unapata aina ya n, ambayo umeme wake hubebwa na elektroni. Ukitia boroni unapata aina ya p, ambayo umeme wake hubebwa na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni. Vita vilipokwisha, kundi la Purdue likaweka vipande vya jemaniamu mbele ya deuteroni za kichapuzi cha chuo, na vingine likavipeleka kwenye kinu cha nyuklia cha Oak Ridge vikapigwe nyutroni. Ripoti zao za mwaka 1948 zilikuwa na jambo la ajabu: jemaniamu iliyoingia ikiwa n ilitoka ikiwa p. Hakuna aliyeongeza boroni wala kitu kingine chochote. Nafasi tupu na atomi zilizopotea njia, vidonda vitupu, vilikuwa vikifanya kazi ya uchafu. Walipoipasha moto fuwele, hali yake ya zamani ilianza kurudi.

Nikizitazama ripoti hizo naona karibu kila kitu kilichowanyima watu usingizi pale CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, miaka hamsini baadaye: fuwele kugeuka aina, vidonda kusogea, joto kubadili mambo. Vyote vilikuwa mezani Purdue, ila hapakuwa na sababu ya kuviogopa, maana hakuna aliyekuwa amejenga chombo cha mamilioni ya fedha juu ya fuwele hiyo.

Sababu ilianza kuzaliwa mwaka uliofuata. Mwaka 1949, Kenneth McKay wa maabara za Bell alielekeza chembe za alfa kwenye kipande cha jemaniamu kilichoguswa na ncha ya waya, akaona kila chembe ikiacha mpigo wake wa umeme. Fuwele ngumu ilikuwa imeanza kuhesabu chembe mojamoja. Kazi ya kitambuzi cha namna hii si ngumu kuielewa. Ni diodi, upande mmoja p na mwingine n, iliyowekewa volti kinyume ili kufagia chaji zote zinazozurura ndani yake. Chembe yenye kasi ikipita kwenye bamba la silikoni lenye unene wa mikrometa 300 huzalisha jozi zaidi ya 20,000 za elektroni na matundu, na volti huzivuta kwenda kingoni kwa muda wa makumi ya nanosekunde. Kuzalisha jozi moja katika gesi hugharimu nishati ya elektronivolti 30 hivi. Katika silikoni ni 3.6 tu. Ndiyo maana kibamba chembamba namna hiyo kinaona kilichohitaji tangi zima la gesi.

Lakini mpango huo una sharti. Chembe inayogunduliwa inapita ndani ya kitambuzi chenyewe, na nyingi zikipita, baadhi hupiga atomi. Atomi ya silikoni hung'oka ikipata nishati ya elektronivolti 25 hivi. Nyutroni yenye elektronivolti milioni moja inaweza kuipa atomi moja nishati inayofikia elektronivolti laki moja na zaidi, na atomi hiyo ikaangusha mamia kwa mamia ya jirani zake kabla ya kusimama. Zaidi ya nusu ya zilizong'oka hurudi kwenye mashimo yaleyale. Zinazosalia ndizo zenye matatizo.

Onyo la kwanza la wazi lilitoka angani. Tarehe 9 Julai 1962, Marekani ililipua bomu la megatoni 1.4 kilomita 400 hivi juu ya Bahari ya Pasifiki, katika jaribio lililoitwa Starfish Prime. Siku iliyofuata ikarushwa Telstar, setilaiti ya mawasiliano ya Bell, ikaingia moja kwa moja katika ukanda wa mionzi uliokuwa umejazwa elektroni za bomu. Telstar ilibeba vitambuzi vya silikoni vya kupima mionzi hiyo, kwa hiyo iliandika yenyewe takwimu za kilichokuwa kikiiua. Mwishoni mwa mwaka ikaacha kuzisikia amri. Mafundi wa Bell walichukua transista za aina ileile, wakazipiga mionzi maabara, wakagundua kwamba gesi iliyofungiwa ndani ya vikopo vya transista ilikuwa ikitoa chaji zinazokwenda kukaa juu ya uso wa silikoni. Ukiondoa volti kwa muda, chaji hutawanyika. Basi wakabuni amri zilizopindishwa, zikamchanganya mpokeaji aliye angani hadi akazima umeme uliokuwa ukimdhuru, na Januari 1963 Telstar ikafufuka. Tarehe 21 Februari ikanyamaza kabisa. Telstar ya pili, iliyorushwa Mei mwaka huo, ilikuwa na transista zilizotolewa gesi.

Madhara hayo yalikuwa ya juu ya uso. Ya ndani ya fuwele yalikuwa yakichunguzwa kimyakimya Schenectady, New York, ambako George Watkins na James Corbett wa General Electric walikuwa wakiipiga silikoni elektroni kwenye baridi kali na kusikiliza sumaku ndogo za elektroni zake. Waligundua kwamba nafasi tupu, yaani shimo lililoachwa na atomi, halikai mahali pamoja. Linatembea ndani ya fuwele hata kwenye baridi ambayo mtu angedhani kila kitu kimeganda. Linatembea mpaka likutane na kitu cha kulishika, na kimojawapo kinacholishika ni atomi ya oksijeni. Matokeo hayo yalichapishwa kati ya 1959 na 1961, yakapata heshima yake kwa wataalamu wa fuwele, halafu yakakaa rafuni yakimsubiri mwenye shida nayo.

Mwenye shida alichelewa. Mpaka miaka ya 1970, wanafizikia wa chembe walitumia silikoni kwa nadra, maana vitambuzi vilitengenezwa kimojakimoja kwa mkono. Kisha zikagunduliwa chembe zenye kwaki ya charm, ambazo huishi kwa takriban sehemu moja ya trilioni ya sekunde na kufia umbali usiofikia hata milimita chache kutoka zilipozaliwa. Kuona umbali huo kulihitaji jicho kali. Mwaka 1980 Josef Kemmer wa Munich alionyesha kwamba mbinu ya viwanda vya chipu, ya kufunika silikoni kwa oksidi na kuichonga kwa mwanga, inaweza kutengeneza vitambuzi visivyovuja umeme mwingi. Kundi la NA11 pale CERN likachukua vibamba hivyo, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa milimita 24 kwa 36 na mistari 1,200, likapima njia za chembe kwa usahihi wa mikrometa tano hivi. Kuanzia hapo silikoni haikushikika.

Wapo waliokuwa wameshaona upande wa pili. Erik Heijne, Mholanzi aliyekuwa CERN, alitumia vitambuzi vya silikoni kupima muoni katika miali ya nyutrino, mahali ambapo silikoni hupigwa bila kupumzika. Tasnifu yake ya mwaka 1983 ilieleza kinachotokea: umeme unaovuja unapanda na kitambuzi kinazeeka. Wakati huo ilisomeka kama taarifa ya fundi kuhusu kifaa chake. Tasnifu za vifaa zina bahati mbaya: huandikwa miaka kumi kabla ya mtu yeyote kutambua kwamba anazihitaji.

Miaka kumi baadaye walizihitaji. Maabara ya Fermilab, karibu na Chicago, iliweka mwaka 1992 kitambuzi cha silikoni ndani ya chombo kiitwacho CDF, cha kwanza kukaa karibu hivyo na migongano ya protoni na antiprotoni. Kiliitwa SVX. Chipu zake hazikuwa zimetengenezwa kuhimili mionzi. Zilichafuka kwa kelele, na mwaka 1993 kikawekwa kingine chenye chipu za kuhimili. Ni kwa msaada wa vitambuzi hivyo viwili vyenye uhai mfupi kwamba CDF ilitambua kwaki za b zinazotoka kwenye kwaki iitwayo top, na Machi 1995 ugunduzi ukatangazwa pamoja na kundi shindani la D0. Wachunguzi walijifunza jambo ambalo bajeti hailipendi: silikoni iliyo karibu na miali inunuliwe ikijulikana kwamba itatupwa.

Huku Geneva, CERN ilikuwa ikipanga LHC, mashine kubwa ya kugonganisha protoni. Hesabu zilionyesha kwamba silikoni ya ndani kabisa ingepokea, katika maisha yake, chembe bilioni milioni moja kwa kila sentimeta ya mraba. Hesabu hizo zina kipimo cha pamoja: kwa kuwa protoni, pioni na nyutroni hazidhuru sawasawa, kila moja hugeuzwa kuwa idadi ya nyutroni za elektronivolti milioni moja ambazo zingeleta dhara lilelile. Silikoni ya aina ya n ya kawaida hugeuka kuwa kama p baada ya trilioni chache hadi trilioni kumi kwa sentimeta ya mraba, kulingana na fuwele ilivyoanza. Kwa maneno mengine, LHC ingeivusha silikoni hatua ile ya Purdue mapema, kisha ingeendelea kuipiga mara mia zaidi.

Waliolichukua tatizo hilo kwa umakini kupita wote walikuwa wa Hamburg, kundi la Gunnar Lindström na Eckhart Fretwurst. Walipiga diodi ndogo kwa nyutroni, wakazipima, wakazihifadhi, wakazipima tena, miaka na miaka. Umeme unaovuja uliwapa raha ya ajabu: ulipanda sambamba na idadi ya chembe, na haukujali silikoni imetoka kiwanda gani wala ina uchafu gani. Ukipimwa baada ya kuipasha diodi nyuzi 60 za Selsiasi kwa dakika 80, namba ni ileile kila mahali, hata ikawa diodi yenyewe inaweza kutumika kupima mionzi. Sehemu hiyo haikuwa na dawa isipokuwa baridi, kwa sababu kila nyuzi saba au nane zinazopungua hukata umeme huo nusu.

Volti ndiyo iliyoleta kizungumkuti. Kadiri vidonda vinavyoongezeka, volti ya kufagia chaji zote ndani ya silikoni hupungua mpaka fuwele igeuke aina, kisha hupanda bila kusimama. Diodi iliyopigwa ikikaa siku kadhaa kwenye joto la chumba hupata nafuu, na volti inayohitajika hushuka. Aliyefurahi na kuiacha hapo alirudi baada ya miezi akakuta mambo yamekuwa mabaya kuliko siku ya kwanza. Chembe zilikuwa zimekwisha kupita zamani. Ndani ya fuwele vidonda vilikuwa vikitembea, vikikutana na kuunda vidonda vipya. Silikoni iliyopigwa ni kama samaki aliyevuliwa: kilichomuua kimekwisha kupita, sasa kazi ni barafu. Renate Wunstorf aliliandika jambo hilo kwa kina katika tasnifu yake ya Hamburg mwaka 1992, na Michael Moll katika yake ya mwaka 1999 akalipa milinganyo ambayo mpaka leo huitwa modeli ya Hamburg. Kutoka hapo ilizaliwa amri ambayo mgeni wa CERN huiona kama ushirikina: kitambuzi kikae baridini hata mashine ikiwa imezimwa, hata kama hakuna chembe moja inayopita, na kikitolewa nje kwa matengenezo saa zake za joto zihesabiwe.

Sasa turudi kwenye usafi. Watengenezaji wa vitambuzi walikuwa wamechagua tangu zamani silikoni iliyo safi kupita zote, ile inayoyeyushwa kipande kwa kipande ikining'inia bila kugusa chombo. Silikoni ya viwanda vya kompyuta huvutwa kutoka katika sufuria ya kwatzi kwa njia ya Mpolandi Jan Czochralski, na sufuria hiyo huiachia oksijeni. Oksijeni ilionekana takataka. Mwaka 1996 likaundwa pale CERN kundi la utafiti RD48, likajiita ROSE, chini ya Lindström, Francois Lemeilleur na Steve Watts, kazi yake kutafuta silikoni inayovumilia. Walijaribu karibu kila kitu kinachoweza kuingizwa katika fuwele. Kilichofanya kazi kilikuwa takataka ileile. Vibamba vilivyopashwa joto la nyuzi 1,150 hivi kwa saa nyingi, vikiwa vimevikwa oksidi mpaka oksijeni ikapenya ndani, vilipopigwa protoni na pioni vilihitaji volti ndogo sana kulinganisha na vile safi. Vilivyotiwa kaboni vilikuwa vibaya zaidi ya vyote.

Maelezo yaliyotolewa yalirudi Schenectady: nafasi tupu inayozurura ikinaswa na oksijeni haipati nafasi ya kwenda kuunda kidonda kibaya zaidi. Lakini oksijeni haikusaidia kitu dhidi ya nyutroni. Hapo ndipo kile kipimo cha pamoja kilipovunjika, kwa sababu kilidai kwamba dhara ni dhara, litoke kwa chembe ipi. Kumbe protoni, ikiwa na chaji yake, hutawanya vidonda vidogovidogo vilivyo pekepeke, ambavyo oksijeni huweza kuvifikia; nyutroni huchimba lundo moja zito la vidonda, na oksijeni haina la kufanya ndani ya lundo. Kwa kuwa karibu na mahali pa migongano ya LHC pioni ndizo nyingi, ATLAS, mojawapo ya vyombo vya LHC, ilitengeneza pikseli zake kwa silikoni yenye oksijeni. Mimi hulihesabu tukio hili kuwa zuri kuliko yote katika historia hii, na sioni sababu ya kulificha: watu waliotumia miaka thelathini kuondoa kitu walilipia kukirudisha.

Hawakuwa pekee waliotafuta dawa. Mwaka 1998 kundi lililoongozwa na Vittorio Palmieri wa Bern lilichukua vitambuzi vilivyokufa, likavishusha kwenye baridi ya naitrojeni kimiminika, na mipigo ikarudi. Wakaiita athari ya Lazaro. Haikupata kazi katika vitambuzi vikubwa vya LHC, maana kuendesha mita za mraba mamia kwa baridi hiyo ni balaa nyingine. Sherwood Parker wa Hawaii naye alikuwa amependekeza, katikati ya miaka ya 1990, kwamba elektrodi zisikae juu na chini ya bamba bali zichimbwe kama nguzo kupita ndani yake. Silikoni iliyojeruhiwa vibaya hunasa elektroni kabla hazijafika. Nguzo zikiwa karibu, safari hupungua kutoka mikrometa 200 au 300 hadi 50 au 70, na nyingi zaidi hufika. Wazo lilikaa karibu miaka ishirini kabla ya kupewa nafasi.

Chipu nazo zilipata ukombozi kutoka mahali pasipotarajiwa. Chipu za kuhimili mionzi zilikuwa bidhaa za jeshi, ghali, na viwanda vyake vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine vita baridi vilipokwisha. Wakati huohuo viwanda vya kawaida vilikuwa vikizidi kupunguza unene wa oksidi ndani ya transista, na oksidi ikiwa nyembamba sana haibaki na mahali pa kunasia chaji, zinatoroka zenyewe. Wahandisi wa CERN walichora transista zenye lango la duara, ili pasiwe na ukingo wa kuvujisha umeme, wakazipeleka kwenye kiwanda cha kawaida cha teknolojia ya mikrometa 0.25. Zikahimili. Chipu ya APV25 iliyotokana na kazi hiyo iliwekwa elfu sabini na zaidi katika CMS, chombo kingine cha LHC chenye karibu mita 200 za mraba za silikoni.

LHC ilianza kugonganisha protoni kwa nishati kubwa mwaka 2010, na kwa miaka michache kila mtu alikuwa na hamu ya kuiona chembe ya Higgs. Iliyotangazwa tarehe 4 Julai 2012 ilionwa kwa silikoni iliyokwisha kuanza kuzeeka. Umeme unaovuja katika ATLAS na CMS ulipanda kwa namna iliyokaribiana sana na modeli ya Hamburg, jambo ambalo halikuandikwa gazetini. LHCb, chombo kingine cha LHC, ilikuwa na VELO, kitambuzi cha nusu mbili ambazo zilikaa sentimeta tatu mbali wakati miali ikiingizwa, kisha zikasogezwa mpaka mistari ya silikoni ikafika milimita 8 kutoka kwenye miali. Katika kibamba kimoja, sehemu ya ndani ilipigwa zaidi ya ya nje. Kwa hiyo fuwele ilianza kugeuka aina kutokea upande wa ndani, na ukingo wa mgeuko huo ukasogea nje taratibu mwaka baada ya mwaka. Walioipima waliona kwenye kibamba kimoja kile ambacho Lark-Horovitz alilazimika kukitafuta kwa vipande vingi.

Mwaka 2014 ATLAS ilisukuma safu mpya ya pikseli ndani ya zile za zamani, milimita 33 kutoka kwenye miali, na humo nguzo za Parker zikapata kazi kwa mara ya kwanza katika mashine ya migongano. Silikoni ilikuwa tayari. Chipu ndizo zilizoleta fadhaa. Mwaka 2015 umeme unaotumiwa na chipu hizo ulianza kupanda kwa kasi, safu yenye umbo la mrija ikaanza kujipinda kwa joto, na Oktoba safu hiyo ikazimwa kwa siku kadhaa. Ilibainika kwamba katika transista za chipu hizo mionzi hujenga kwanza chaji katika oksidi ya pembeni, na umeme unaovuja hupanda mpaka kilele, kisha chaji za aina nyingine huja polepole kuufuta. Wakapandisha joto na kupunguza volti mpaka kilele kikapita. Ni mara chache dawa ya mionzi huwa kuendelea kupigwa mionzi.

CMS ilipata yake mwaka 2017. Ilikuwa imeweka kitambuzi kipya cha pikseli milioni 124, na pamoja nacho vigeuzi vidogo vya umeme vipatavyo 1,200. Kuanzia Oktoba vigeuzi vikaanza kufa, na cha kushangaza, havikufa vikiwa kazini. Vilikufa baada ya kuzimwa kisha kuwashwa, jambo ambalo waendeshaji walikuwa wakilifanya kila chipu ilipokwama. Mwisho wa mwaka karibu 5 kwa 100 vilikuwa vimekufa. Kitambuzi kilitolewa wakati wa mapumziko ya majira ya baridi, vigeuzi vyote vikabadilishwa, na uchunguzi ukaonyesha transista moja ndani ya chipu: mionzi iliifanya ivujishe umeme, na kigeuzi kikiwa kimezimwa umeme huo haukuwa na pa kwenda, ukajikusanya hadi volti ikapita kiwango na kuvunja kilichokuwa jirani. Katika mwaka wote uliofuata waendeshaji waliacha kuzima vigeuzi, na CMS ikafanya kazi.

Mashine inayofuata, LHC yenye mwanga mkubwa zaidi, inatarajiwa kuanza mwaka 2030. Pikseli zake za ndani zimepangiwa chembe zinazofikia 20,000,000,000,000,000 kwa sentimeta ya mraba. Mlimbiko huo ukiwa mkubwa kiasi hicho, aina ya n imeachwa kwa sehemu kubwa. Vitambuzi huanza vikiwa p, visiwe na pa kugeukia. Kabonidioksidi iliyo baridi zaidi ya nyuzi 30 chini ya sifuri itapita kwenye mirija myembamba kuvipoza.

Kuna kitambuzi kipya humo chenye unene wa mikrometa 50, ambacho kazi yake ni kupima muda: chembe ipi ilipita lini, kwa usahihi wa makumi ya sehemu za trilioni za sekunde. Ndani yake kuna tabaka jembamba lenye boroni nyingi ambapo elektroni huzidishwa. Mionzi huiondoa boroni hiyo kazini. Atomi ya silikoni iliyong'olewa huja ikabadilishana nafasi na boroni, kama Watkins alivyoeleza miaka ya 1960, na boroni iliyosukumwa nje huenda ikashikana na oksijeni, ileile iliyoshangiliwa mwaka 1998. Uzidishaji ukipungua, mwendeshaji hupandisha volti kuufidia, na katika majaribio ya miali jambo hilo lilipata kikomo cha kutisha: kibamba kikipita volti 550 hivi, chembe moja tu huweza kuwasha njia ya umeme ndani yake na kukichoma, ikaacha tundu linaloonekana.

Dawa iliyochaguliwa ni kutia kaboni katika tabaka hilo, kaboni ambayo ROSE iliitupa. Hunasa atomi za silikoni zinazozurura kabla hazijaifikia boroni, volti zikabaki chini ya kikomo. ATLAS imeamua kutumia vibamba vya namna hiyo.